"Ni Ileile, Inaenda Inarudia"

Maneno niliyowaambia wazazi wanaozungumza Kiswahili katika mkutano wa jioni wa shule, Portland, jimbo la Maine, mwezi wa Januari. Nimeyaandika kwa ombi la waliokuwa zamu ya usiku, na nimeongeza machache niliyoyasahau nilipokuwa nimesimama.

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za jioni. Chai ipo, karibuni, ila vikombe visikaribie zulia. Mlinzi wa jengo ananitazama.

Mwezi uliopita, hapahapa, baba mmoja alinyanyuka pale nyuma akauliza swali ambalo nililijibu vibaya. Alisema: "Mwalimu, mtoto wangu anarudi nyumbani ananiambia leo tumehesabu ndege. Wiki iliyopita wamehesabu ndege. Sisi tumevuka nchi tatu ili huyu asome. Hapa mnasomesha au mnachunga?" Mkacheka, nami nikacheka, nikatamka neno "sayansi" mara mbili tatu, tukahamia kwenye ratiba ya mabasi. Nilipofika nyumbani sikupata usingizi mapema. Swali lile lilikuwa la haki, na mtu aliyevuka nchi tatu hajibiwi kwa neno moja la kuazima. Basi leo nimeomba dakika ishirini nilijibu.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Utotoni mwangu, mpunga ukianza kutia maziwa, tuliamshwa kabla ya jua kwenda kuamia ndege. Unapanda kwenye dungu, kombeo mkononi, debe bovu pembeni, unapiga kelele mpaka koo linakauka. Ukisinzia tu, wanashuka kama mvua ya mawe, na jioni bakora inakusubiri. Ninyi mliotoka Uvira, Fizi na bonde la Rusizi hamhitaji maelezo. Sasa fikirini nilivyojisikia wiki yangu ya kwanza ya kazi hapa, mwalimu wa darasa aliponikabidhi mfuko wa alizeti wa kilo tisa akaniambia nitoke nje nikawape ndege. Niligeuka nyuma kuona kama kuna mtu ananichukua video.

Nilitoka. Theluji magotini, baridi ya kuuma meno. Nikajaza bomba la plastiki linaloning'inia kwenye mti wa yadi, nikarudi mbio ndani. Hata sijavua glavu, ndege mmoja mdogo mwenye kofia nyeusi akatua, akachukua mbegu moja, moja tu, akaondoka. Akaja tena. Mbegu moja. Akaondoka.

Huyo ndiye chikadii, ndege rasmi wa jimbo hili la Maine, na ningependa kumzungumzia kidogo kwa sababu watoto wenu wanamjua kuliko wanavyowajua baadhi ya binamu zao. Ana uzito wa gramu kumi au kumi na mbili. Chukua sarafu mbili za robo dola, zitie kiganjani: ndiye huyo mzima, na manyoya yake. Hahami. Wenzake wengi wanapokimbilia kusini yeye anabaki kwenye baridi hii hii inayotufanya sisi tuvae soksi tatu. Usiku anashusha joto la mwili wake kwa nyuzi kumi hivi ili asiteketeze mafuta yote kabla ya asubuhi. Na ile mbegu moja anayoondoka nayo mara nyingi haili papo hapo. Anaificha, hii kwenye ufa wa gome, ile chini ya kuvu ya mti, kila moja mahali pake, na wiki kadhaa baadaye anakumbuka alikoweka. Mimi sikumbuki nilikoweka funguo za gari asubuhi ya leo.

Watoto wa Kiswahili darasani wamempa jina lao. Wanamwita chiriku, kwa sababu hanyamazi. Kwa elimu ya ndege si sahihi. Kwa tabia wamempatia kabisa.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Darasa letu liko katika mpango uitwao FeederWatch, wa kuhesabu ndege wanaokuja kula kwenye vyombo vya watu, unaoendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Ithaca, New York, pamoja na shirika la Birds Canada. Mbegu yake ilipandwa Ontario, Kanada, mwaka 1976, ikavuka mpaka na kuenea Marekani tangu 1987. Msimu unaanza Novemba mosi na kwisha mwishoni mwa Aprili. Unachagua sehemu yako, unahesabu siku mbili zinazofuatana, unapumzika angalau siku tano, unarudia. Sisi tunahesabu Jumatatu na Jumanne, dakika ishirini baada ya chakula cha mchana, watoto wanne wanne dirishani kwa zamu.

Lakini kuna kanuni moja, na ndiyo iliyonifanya niombe dakika hizi. Huruhusiwi kujumlisha. Kwa kila aina ya ndege unaandika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa mara moja, kwa mtazamo mmoja. Wakitua chikadii watatu, wakaondoka, wakaja wawili, wakaondoka, wakaja wanne: jibu ni nne. Si tisa. Kwa nini? Kwa sababu yule wa saa saba na dakika tano anaweza kuwa ndiye huyohuyo wa saa saba na dakika sita. Hana kitambulisho shingoni.

Inaonekana rahisi. Jaribuni kumwambia mtoto wa miaka tisa. Mwezi wa Novemba darasa zima lilikuwa linapiga kelele: kumi na saba! Ishirini na mbili! Kila kundi linataka kulishinda kundi lililotangulia. Dirishani alikuwepo mtoto aliyekuwa na siku tisa tu nchini, Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Alikuwa ametulia, paji la uso limeganda kwenye kioo. Wenzake walipofika ishirini na nne aligeuka akaniambia mimi, kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Ni ileile! Inaenda, inarudia. Ziko sita." Nikatafsiri. Mwalimu wa darasa akasimamisha kila kitu. Tukakaa kimya, tukatazama upya kwa dakika kumi, na hawakuzidi sita hata mara moja. Sita ndiyo iliyoandikwa, na sita ndiyo iliyokwenda Ithaca.

Naomba mnielewe. Sisemi kwamba yule mtoto ni kipaji cha ajabu. Wiki ile ile alipata sifuri kwenye maneno ya imla. Ninachosema ni kwamba katika shule nzima, kazi ile ilikuwa ya kwanza ambayo hakuhitaji lugha ya mtu ili awe na haki. Macho yake yalitosha. Na namba yake imekaa kwenye jedwali lile lile na za wazee wenye darubini za bei mbaya waliofanya kazi hii miaka thelathini. Baba uliyeuliza swali, hicho ndicho nilichotakiwa kukujibu mwezi uliopita. Mtoto anajifunza kuandika anachokiona badala ya anachokitamani, hata pale darasa zima linapopiga kelele namba nyingine.

Kanuni hiyo ina dada yake, na dada huyu ni mkali zaidi. Jumanne moja ya Desemba watoto walikwenda dirishani, hakuna ndege. Hata mmoja. Bomba limejaa alizeti, kimya. Dakika tano, kumi. Mmoja akasema tuandike za jana, si ndege ni walewale? Mwingine akasema tuandike wawili tu, nani atajua? Ndipo mtoto mmoja alipoonyesha juu ya msonobari: kipanga ametulia tuli, anasubiri mlo wake. Kumbe ndege wengine walikuwa wamejificha. Kwenye fomu tukaandika: kipanga mmoja. Chikadii, sifuri. Hua, sifuri. Vigong'ota, sifuri. Sifuri nayo inatumwa, kwa sababu wale wa Ithaca wakipokea siku nzuri peke yake watadhani Maine yote imejaa ndege kila siku. Kuna watoto waliosononeka kweli kuandika sifuri. Wakubwa pia tunaijua hali hiyo, ukimtumia mtu wa nyumbani ripoti ya mwezi.

Siku ileile walijifunza kusikiliza. Chikadii akiona hatari hutoa mlio unaoishia na dii-dii-dii, na mwaka 2005 watafiti walichapisha kwamba idadi ya hizo "dii" inafuata ukubwa wa hatari. Tena si vile mnavyodhani. Ndege mla nyama aliye mdogo na mwepesi anatangaziwa kwa "dii" nyingi kuliko bundi mkubwa, kwa sababu mkubwa hawezi kumkimbiza chikadii kwenye matawi. Bibi yangu alikuwa na msemo wa maana hiyo kuhusu madeni madogo, lakini tuendelee.

Orodha ya wageni wetu wa baridi si ndefu. Kuna junko, mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, anayeokota zilizodondoka chini. Kuna hua wanaokuja wanne wanne na kukaa kama wazee wa baraza. Kuna kigong'ota mdogo anayependa shahamu ya ng'ombe tunayoning'iniza kwenye kikapu cha waya. Kuna kardinali, dume lake jekundu tupu juu ya theluji. Wakatoliki mtaelewa haraka alipewa jina kwa sababu ya majoho ya akina nani. Miaka mia iliyopita kumwona kaskazini kiasi hiki kulikuwa jambo la nadra, leo anakaa Maine mwaka mzima, na ni hesabu kama hizi zilizoonyesha alivyopanda taratibu. Kuna shomoro, na huyu ni shomoro kweli, yule yule anayerukaruka chini ya meza za mikahawa ya Mombasa. Na hapa hakuzaliwa: watu walimleta Brooklyn kutoka Ulaya miaka ya 1850, akazaana mpaka akajaza bara. Mtoto mmoja aliposikia hivyo akasema, "Kumbe na yeye alipewa hifadhi." Sikuwa na la kuongeza.

Tena kuna mbegu nyembamba nyeusi tunazowawekea ndege wadogo wa jamii ya finchi. Nilikuwa nazimwaga kila wiki bila kuzifikiria. Siku moja mama wa Kiethiopia anayefanya kazi jikoni kwetu aliziona mkononi mwangu akashtuka: "Hiyo ni nug! Kwetu tunakamua mafuta!" Nikasoma mfuko vizuri. Kweli, mbegu inatoka Ethiopia, inapashwa joto kali isiote magugu huku, inauzwa Marekani kwa ajili ya ndege. Tangu siku hiyo naimwaga kwa adabu.

Mnanidai pia habari ya kosa letu. Mwaka wa kwanza tulitundika chombo cha mbegu kama mita tatu kutoka dirisha kubwa, tukiona ni umbali mzuri wa kutazamia. Ulikuwa umbali mbaya. Ndege akishtuka anaruka kwa kasi kuelekea kioo, anaona mbingu ndani yake, na mita tatu zinamtosha kupata mwendo wa kujiua. Asubuhi moja watoto walimkuta junko chini ya dirisha, bado ana joto. Walitaka kujua nani amemuua. Mwalimu wa darasa aliwaambia, sisi. Alisema hivyohivyo, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nikitamani angetafuta maneno laini. Nchini Marekani peke yake ndege wanaokufa kwa vioo kila mwaka hukadiriwa kuwa mamia ya mamilioni. Tukasogeza chombo kikawa chini ya mita moja kutoka kioo; akiruka hapo hana nafasi ya kupata kasi. Watoto wakabandika vidoti upande wa nje wa dirisha, sentimita tano kutoka kimoja hadi kingine. Mlipofika leo mkadhani ni mapambo.

Mama mmoja aliniuliza kwenye korido kama hatuwafundishi ndege uvivu. Nimelisikia pia kwa wengine, tena kwa watu tunaojua maisha ya kupewa chakula kwa kadi ya msaada ni swali lenye mwiba wake. Nawajibu kwa lililopimwa. Wisconsin, miaka ya 1980, watafiti waliwafuata chikadii wanaokula kwenye vyombo vya watu wakakuta wanapata humo chini ya robo ya mahitaji yao ya siku. Yaliyobaki wanayatafuta wenyewe, wadudu na mayai yao kwenye magome. Vyombo vilipoondolewa, waliovizoea waliishi sawasawa na wasiovijua. Ila kwenye miezi ya baridi kali kupita kiasi, wenye chombo walinusurika zaidi ya wasio nacho. Basi ni nyongeza ya siku mbaya. Sioni uvivu hapo.

Chombo kichafu, hapo ndipo lawama ilipo. Nchi hii ina ndege aitwaye finchi wa nyumbani, asili yake ni magharibi. Karibu na mwaka 1940 waliachiwa New York, wafanyabiashara walipokuwa wakiwauza kinyume cha sheria, wakaenea mashariki yote. Majira ya baridi ya 1994, watu wa kawaida waliokuwa wakiangalia vyombo vyao karibu na Washington wakaanza kuripoti finchi wenye macho yaliyovimba na kufumba, wanaogonga matawi. Ilikuwa bakteria iliyofahamika kwa kuku, sasa iko kwa ndege wa porini. Ugonjwa ukasambaa jimbo baada ya jimbo, na walioufuata kwa ramani, mwezi kwa mwezi, walikuwa wastaafu, mama wa nyumbani na madarasa ya shule, kila mmoja na dirisha lake. Hakuna serikali ingeweza kuajiri macho mengi kiasi hicho. Kwa hiyo sisi tunaosha kila wiki mbili: klorini ya kufulia sehemu moja, maji sehemu tisa, suuza, anika mpaka ikauke kabisa.

Kuhesabu badala ya kuua si desturi ya kale sana hapa. Zamani Krismasi ilikuwa siku ya makundi kushindana kupiga risasi kila chenye manyoya. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman alipendekeza washindane kuhesabu. Siku ile walijitokeza watu 27 katika sehemu 25. Hesabu hiyo inaendelea mpaka leo, na mwaka 2019 wanasayansi walipounganisha hesabu za miaka mingi za watu wa namna hii, wakatangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni tatu tangu 1970. Zaidi ya robo. Junko peke yake, huyu wa kawaida tunayemwona kila Jumatatu, amepungua kwa milioni 175 hivi. Niliwasomea watoto. Mmoja aliuliza kama ile sita yetu imo. Nikamwambia yetu ni ya mwaka huu, itaingia kwenye hesabu zijazo. Akarudi dirishani.

Kuhusu hisabati na Kiingereza mlizoziulizia: grafu ziko ukutani nyuma yenu, zimechorwa na watoto. Wastani, asilimia, yote yamo. Sentensi za Kiingereza zilizo chini ya grafu zina makosa na tumeyaacha kwa makusudi ili muone zilivyobadilika kuanzia Novemba hadi sasa. Someni wenyewe, nisije nikajisifu.

Nina maombi mawili. La kwanza, Jumamosi hii saa nne asubuhi tunaosha vyombo. Ndoo tunazo, mikono haitoshi, na glavu za mpira kila mtu aje na zake. Mwishoni mwa Aprili tunavishusha vyote: dubu wameamka wana njaa, na sina mpango wa kuwafundisha watoto kuhesabu dubu.

La pili ni la Februari. Kuna hesabu ya ndege ya siku nne iitwayo Great Backyard Bird Count. Ilianza 1998, na tangu 2013 ni ya dunia nzima. Unakaa dakika kumi na tano popote ulipo, unaandika ulichokiona, unatuma kwa simu. Popote maana yake popote. Watoto wameshapanga kuwapigia babu na bibi zao siku ya Ijumaa ya hesabu: Kigoma, Bujumbura, Bukavu, Kampala. Sisi dirishani na theluji yetu, wao kibarazani na jua lao. Namba zitaingia kwenye daftari moja. Bibi mmoja wa Uvira ameshakubali, ameuliza tu kama kunguru wanahesabiwa. Wanahesabiwa. Fomu ziko mezani, karibu na birika.